Ufunguo wa Pili wa Pikipiki ya Kijani

Kwenye msafara wa pikipiki kubwa watu hutazama kichwa. Kichwa ndiye anayepigwa picha, ndiye anayejua tutasimama wapi kunywa soda. Mimi nilikuwa mkia, na kazi ya mkia ni kuhesabu. Kila tukisimama unahesabu pikipiki, kisha unahesabu watu, maana si mara moja nimeona pikipiki zimetimia na mtu mmoja yuko nyuma ya kichaka anajisaidia. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu ya tabia yangu ya sokoni. Nauza nguo za kuendeshea pikipiki mjini Tarime, za mtumba: majaketi, glavu, buti, helmeti. Noti ikiingia mkononi mwangu inahesabiwa mara mbili, hata kama nimeitoa mfukoni mwangu mwenyewe.

Mkia huwa wa watu wawili. Mmoja akibaki na aliyeharibikiwa, mwingine anakimbia mbele kuwaambia wenzake. Mwenzangu wa mkia kwa miaka sita alikuwa kijana wa Gorong'a, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye pikipiki ya kijani ya Kijapani, injini ya cc mia nne, iliyomfikia ikiwa imeshachosha watu wawili kabla yake. Huyo ndiye ninayemwandika.

Siku ya kwanza alikuja kibandani kwangu akashika jaketi jeusi la ngozi lenye magamba ya plastiki mgongoni. Nikamtajia ile bei ninayomtajia mtu nisiyemjua, yaani bei na mdogo wake.

"Elfu sitini."

"Nakupa sitini na tano," akasema.

Nikadhani hakusikia vizuri. "Nimesema sitini."

"Nimesikia. Hiyo tano ni ya ukweli. Niambie kama aliyelivaa kabla yangu alianguka nalo."

Nililigeuza. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimesagwa na lami ya nchi gani sijui. Nikamwambia alianguka, kwa upande wa kushoto, na nadhani aliinuka, maana mgongoni hakukuwa na mkwaruzo.

"Basi hili jaketi linajua kazi," akasema, akalivaa palepale kwenye jua la saa saba.

Nimebishana bei na Wakenya wa Sirari, na wachimbaji wa Nyamongo wenye vumbi la dhahabu masikioni, na wake za wachungaji. Hakuna aliyenishinda kama yule, na alinishinda kwa kuongeza. Kuanzia siku ile nilishindwa kumdanganya, na mfanyabiashara akishampata mtu asiyeweza kumdanganya, afadhali awe rafiki yake.

Tulikuwa kumi na wanne. Usifikiri sote tulikuwa na mashine za maana. Mbili tu ndizo zilikuwa mia sita. Nyingine mia nne, mia mbili hamsini, na tatu zilikuwa bodaboda za kawaida zilizovishwa maganda ya plastiki kichwani zikajiona. Lakini sheria ilikuwa moja kwa wote. Helmeti, jaketi, glavu, buti, au hutoki na sisi. Jumapili wenye kanisa wakishatoka kanisani, na sisi wengine tukishafunga mabanda, tulikutana kwenye kituo cha mafuta tukaanza safari: Tarime, Nyamongo, Mto Mara, Mugumu, na siku za kujitia wazimu mpaka Natta. Tulipanga zigizaga, mmoja kushoto, mmoja kulia, ili kila mtu aone mbele. Shimo lilionyeshwa kwa mguu. Trafiki, kwa kujipiga kofi juu ya helmeti. Ng'ombe walikuwa na ishara yao, vidole viwili juu kama pembe, na kwa barabara zile mkono wa kushoto ulishinda juu.

Bodaboda wa Nyamongo walikuwa wanatusubiri.

"Oyaa! Nguo hizo za baridi mnaenda mwezini?"

"Huko mwezini abiria shilingi ngapi?"

Mwenzangu alikuwa anainua kioo cha helmeti anawajibu taratibu, "Panda nikupeleke. Kurudi utajua mwenyewe." Wakacheka. Siku ya mazishi yake, wale wale walizima pikipiki zao. Lakini nisikimbilie huko.

Lazima niseme habari ya ufunguo wa pili, maana bila hiyo hutaelewa nilipataje haki ya kusimama uani kwa mama yake.

Mwaka fulani, tukiwa tumepita Natta, mmoja wetu alikwepa pundamilia akavunjika mfupa wa bega. Gari la kambi moja ya watalii likamchukua likampeleka Mugumu. Vizuri kabisa, isipokuwa aliondoka na ufunguo mfukoni na usukani wa pikipiki umejifunga. Tulibeba ile mashine kama jeneza, watu wanane, mpaka kwenye tela la trekta lililokuwa limetoka kupeleka mahindi. Tangu siku ile tukaweka desturi. Kila mmoja anampa mwenzake mmoja ufunguo wake wa pili. Usimpe mke, wala ndugu. Mpe mtu mnayekwenda naye. Siku usipoweza kuirudisha pikipiki nyumbani, yeye ndiye atairudisha.

Mimi na yeye tulibadilishana. Wake niliufunga kipande cha kamba ya kiatu, ya kijani, nikauning'iniza ndani ya koti.

"Nikikosea kona," aliniambia, "ipeleke kwetu. Usiiache njiani kwa watu."

"Nitakuwa nimeshaiuza Sirari kabla hujapoa."

"Uza. Lakini upande wa bei usiniaibishe."

Kwao nilifika naye mara kadhaa. Ukiacha barabara kubwa unaingia njia ya udongo, unapanda mlima unaoringa, unapita pampu ya maji ya mkono ambako watoto hujaa na ndoo, halafu kona moja, halafu mji wao: nyumba ya bati, jiko la nje la udongo, zizi. Kila tulipofika tulikuta ugali unatoka jikoni na moshi wake. Nilidhani tuna bahati. Miaka sita ya bahati, na mimi mtu wa mahesabu sikushangaa hata kidogo.

Mama yake alikuwa mwembamba, mkavu wa maneno. Kiswahili chake ni cha kuazima. Akikasirika anakirudisha kwa wenyewe na kushika Kikurya. Mimi babu yangu alikuja na mbao kutoka pwani, seremala, akaoa hapa; Kikurya changu ni cha sokoni, najua namba zote na matusi machache. Kwa hiyo mimi na mama yake tulielewana zaidi kwa sahani.

Kuumwa kwa mwenzangu kulianzia kibandani kwangu. Alikuja na buti zake mkononi, akaziweka mezani.

"Zimekuwa ndogo."

"Buti hazikui kurudi nyuma."

"Basi mimi ndiye ninayekua."

"Na miaka thelathini na moja?"

"Sisi Wakurya tunachelewa kukomaa."

Nilimpa namba arobaini na tatu, nikachukua arobaini na mbili yake. Tulibishana kidogo kwa ajili ya heshima. Baada ya muda alirudi kutaka arobaini na nne. Nikamwambia akifika arobaini na nane nitamwagizia mtumbwi. Alicheka, akaketi kwenye robota la majaketi kuvaa, na nikaona akivuta soksi, mstari wa soksi ukabaki mguuni kama umechimbwa kwa kidole. Sikuujua ule mstari. Yeye naye hakuujua. Halafu helmeti ikaanza kumbana mashavu, asubuhi zaidi kuliko jioni, nikambadilishia ikawa kubwa zaidi, nyeusi, yenye kioo cha giza. Alisema uso wake umeanza kupata hadhi.

Aliyetuambia ni daktari, si buti. Figo, zote mbili. Wakampeleka Mwanza.

Jumapili tuliendelea kwenda. Alitutaka twende. Alinipigia simu kutoka kitandani akiuliza nimehesabu wangapi, nikamwambia kumi na watatu, akasema, "Hesabu tena," nikahesabu tena, akasema, "Sawa. Huyo mmoja yuko nyuma anakuja." Mchezo huo tuliucheza Jumapili nyingi. Akaanza kuongea polepole, baadaye akawa anasikiliza tu, mimi nahesabu kwa sauti kubwa pembeni ya barabara ya Mugumu kama mtu aliyepungukiwa akili, na watu wa kwenye magari wananitazama.

Alikufa siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Nilikuwa namuuzia mtu glavu. Nilimalizia kuuza.

Kitu ambacho sikukitegemea ni swali. Kila niliyemwambia, sokoni, msikitini, stendi, aliuliza hilohilo: "Aliangukia wapi?" Hakuangukia popote. Miaka sita kwenye pikipiki ile hakuwahi hata kuilaza. Nilisema figo, figo, figo, na watu waliitikia kwa kichwa kwa adabu, wakaenda kuwaambia wengine kwamba ni pikipiki.

Na mama yake alikuwa mmoja wao.

Kwetu mmoja akifa tunamsindikiza. Ndiyo heshima tuliyo nayo, hatuna nyingine. Gari lenye mwili linatoka Mwanza, tunalipokea kabla ya mji, zigizaga, taa zinawaka mchana, kichwa mbele, mkia nyuma, mpaka kaburini, na pale watu wanavuta mafuta mara moja, zote pamoja, mpaka udongo unasikia. Pikipiki ya marehemu inakwenda mahali pake pa kila siku msafarani, akiiendesha mwenye ufunguo wa pili. Tulikuwa tumekubaliana tayari pale kituo cha mafuta, ndipo baba mdogo wa marehemu akapiga simu.

"Mama amekataa," alisema. "Amesema pikipiki isikanyage kule. Hata moja. Hata ya kuleta mkate."

Wenzangu wakanigeukia wote.

"Nenda wewe," kichwa akasema. "Wewe uliwahi kumuuzia mwenye baiskeli helmeti ya mashindano."

Nikaenda. Pikipiki yangu niliiacha barabara kubwa, nikapanda kwa miguu, jaketi begani. Mama alikuwa ameketi kwenye ngozi ya mbuzi mlangoni mwa jiko, na wanawake wengine wamemzunguka. Nikachuchumaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Na miguu."

"Nilisikia ukiizima kule chini." Akatazama mikono yake. "Hiyo ya kwako inakohoa."

Nikampa pole. Akaipokea. Nikaanza kama ninavyoanza siku zote, kwa mbali, nikasema mwanawe alikuwa mtu wa watu, kwamba wenzake wanamheshimu, kwamba wanataka kumleta nyumbani.

"Ndiyo iliyomuua," akasema.

"Mama, daktari amesema ni figo."

"Figo iliharibika na nini? Mtu anakaa juu ya kitu kinatetemeka miaka sita. Figo itakaa wapi?"

Mwanamke mmoja pale akaguna kukubali. Mimi nina majibu ya kila kitu, nina jibu la mtu anayesema jaketi limechanika na jibu la mtu anayesema halijachanika kwa hiyo ni la bandia. Figo nikaziruka, nikakimbilia namba.

"Tuko kumi na watatu, mama," nikasema. "Tuje wote, lakini tusivute mafuta."

"Hapana."

"Tuje nusu."

"Nusu ya kumi na tatu ni ngapi?"

"Saba." Hata pale nilikata kwa upande wangu.

"Ni sita na kipande. Hicho kipande ndicho unataka uniletee?" Wanawake wakacheka kidogo, wakaacha. "Sitaki kusikia mlio hapa. Sitaki hata mmoja."

Mlio. Nilishika hapo hapo, kama mtu anayeona uzi umechomoza. Alikataa mlio.

"Na zikija kimya?"

"Zinakujaje kimya?"

"Tutazisukuma."

Akaniangalia, akaangalia buti zangu, akaangalia njia kule chini.

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye pampu."

"Kutoka barabarani."

"Mama, kutoka barabarani ni mlima wote."

"Yeye anakuja amelala," akasema. "Nyie mna miguu."

Nikasema sawa.

"Na nguo zenu hizo mvae."

"Zote? Mchana, jua hili?"

"Aliniambia mna sheria. Kwani sheria ni ya siku ya baridi?"

Nilikwenda kutafuta punguzo nikarudi na nyongeza. Niliwaambia wenzangu masharti, nikitegemea matusi. Kichwa akauliza tu mia sita yake ina kilo ngapi, mtu akamwambia, akasema, "Basi tutaanza mapema."

Tulilipokea gari, tukalisindikiza kupita Nyamongo, na pale ndipo bodaboda walizima pikipiki zao na kuvua kofia, hata aliyekuwa na abiria mgongoni. Hakuna aliyeuliza habari za mwezini. Mimi nilikuwa juu ya ile ya kijani, niliyoitoa asubuhi karakanani kwake. Yangu niliiacha Tarime. Tulipofika penye njia ya udongo gari likaenda mbele polepole, sisi tukazima.

Pikipiki ya mashindano imetengenezwa kwa kila kitu isipokuwa kusukumwa. Usukani uko chini, unainama kama unaosha miguu. Ndani ya ngozi jua linapika. Baada ya kona mbili hakuna aliyekuwa anaongea, unasikia pumzi tu na minyororo inavyolia tik tik tik. Mzee mmoja alikuwa ameegemea uzio wake na fimbo, akatutazama tukipita mmoja mmoja, mpaka nikafika mimi wa mwisho.

"Mura," akaniita, yaani kijana kwa Kikurya. "Zote zimeharibika siku moja?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Poleni. Mwambieni fundi."

Sikuweza kumwambia kwamba fundi yuko kwenye gari lililopita.

Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Ndiyo mara ya kwanza nilipoligundua hilo vizuri, kwamba mkia ulikuwa umebaki wa mtu mmoja. Kwenye pampu tulisimama kupumua, nikahesabu kwa mazoea. Pikipiki kumi na tatu. Watu kumi na watatu. Nikarudia. Hesabu ilikubali zote mbili, na mimi nimesimama nimeshika usukani wa pikipiki isiyo yangu, natafuta kosa liko wapi.

Tulizipanga nje ya uzio, kimya kama alivyotaka. Mchungaji alisali, udongo ukaingia, watu walikula chakula cha msiba kwenye sahani za kuazima. Mama hakutuangalia. Wenzangu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakisukuma kurudi chini. Hakuna aliyethubutu kuwasha, ingawa mteremko ule unakushawishi.

Nikaenda kumuaga. Nilikuwa na ufunguo mkononi, na kamba yake ya kijani; nilitaka kumkabidhi na kuondoka kwa miguu. Nilikuta yuko jikoni peke yake, anawasha moto upya. Chakula kilikuwa bado kimejaa kwenye masufuria kule nje, na yeye ameinjika maji.

"Mama, huu hapa ni wa kijana wako. Pikipiki iko pale. Mtakavyoamua na baba mdogo ndivyo hivyo."

Hakupokea.

"Wewe unajua kuiendesha?"

"Najua."

"Kama yeye?"

"Nilikuwa nyuma yake miaka sita."

Akapuliza moto. Moshi ukamwingia machoni, au ndivyo alivyofanya ionekane.

"Leo nimesikia miguu," akasema. "Miguu mingi, inapanda. Miguu ni ya wageni. Yeye hakuwahi kuja kwangu kwa miguu tangu anunue hiyo takataka. Wamemleta, wamemzika, na mimi sijamsikia akifika."

Nilibaki nimeshika ufunguo.

"Nenda barabarani," akasema. "Urudi."

"Mama, ulisema mlio..."

"Nilisema. Ilikuwa jana." Akainuka, akaingia ndani, akatoka na helmeti nyeusi yenye kioo cha giza. "Vaa na hii."

Nilishuka nikisukuma mpaka barabara kubwa, kwa sababu sikujua kama ruhusa inaanzia juu au chini. Pale chini nikaivaa helmeti. Ilikuwa ile kubwa niliyombadilishia mwenyewe, ya uso wenye hadhi. Kichwani mwangu ilicheza, kila nikigeuka inachelewa kugeuka. Ndani kulikuwa na harufu ya mafuta yake ya kichwani na ya chuma kilichounguzwa. Nikatia ufunguo wa pili mahali pake. Tangu aondoke kwenda Mwanza ilikuwa imewashwa asubuhi ile tu, lakini ilishika mara moja, ikaunguruma, na ndege wa pale wote wakaondoka.

Nikapanda. Nilipanda vizuri, nasema bila aibu, gia zikiitikiana. Nikapita pampu, nikakata kona, nikaingia uani, nikazima. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni.

"Siyo," akasema.

Nikainua kioo.

"Yeye pale kwenye pampu alikuwa anapunguza. Kuna watoto na ndoo. Anapunguza mpaka inanung'unika, halafu anapita, halafu anaivuta tena kidogo kwenye kona. Kidogo. Wewe umekuja kama polisi."

"Nirudie?"

"Kwani una safari?"

Nikarudi tena barabarani. Yule mzee wa uzio alinitazama nikishuka, akanitazama nikipanda. Safari hii nilifungua macho ya akili nikamfuata mtu aliyekuwa mbele yangu Jumapili zote zile, upande wa kulia wa njia, kiwiko cha kushoto kilichosagwa kimetokeza kidogo. Kwenye pampu alipunguza, nikapunguza. Palikuwa na wasichana wawili na ndoo moja. Wakaacha kupampu wakaniangalia, na mmoja akainua mkono haraka, kwa furaha, kisha akaushusha. Pikipiki ikanung'unika. Nikapita, nikaivuta kidogo kwenye kona. Kidogo.

Kutoka pale kwenye kona jiko linaonekana. Na niliona moshi wake ukibadilika, mweupe, mzito, ule wa mtu aliyeinamia moto kwa kazi. Nilipoingia uani na kuzima nikasikia mwiko ukigonga sufuria ndani. Ndipo nikaelewa bahati yangu ya miaka sita. Alikuwa akisikia ikinung'unika pale kwenye pampu, anatia unga.

Akatoka na mwiko mkononi. Akasimama. Mimi nilikuwa juu ya pikipiki, mguu mmoja chini, glavu mkononi, kioo cha giza kimefungwa. Yeye hakuona uso. Mimi nilimwona vizuri sana.

Mimi sikuvua helmeti. Nimefanya biashara maisha yangu yote. Najua kunyamaza mpaka mwingine aongee kwanza, ndiyo silaha ya kwanza ya sokoni. Pale sikuwa nanyamaza kwa ujanja. Nilijua kwamba nikigusa kamba ya kidevuni, basi. Yeye naye alijua. Tukakaa hivyo, pikipiki ikilia tik tik kwa kupoa, wasichana wa pampu wamesimama kwenye kona na ndoo yao, mpaka nikaona mwiko unaanza kudondosha ugali kwenye vumbi na yeye hauoni.

"Haya, mura," akasema mwishowe. "Vua. Unapoa."

Nikavua.

Aliniangalia usoni kwa muda ule ule ambao mtu huchukua kuhakikisha kwamba noti si ya bandia. Kisha akaingia jikoni, akaupakua, akauweka mbele yangu na maziwa ya mgando, akaketi kwenye ngozi yake ya mbuzi kunitazama. Nilikuwa nimeshakula chakula cha msiba, sahani mbili. Ule ugali ulikuwa mkubwa. Alikuwa ameupika wa kumtosha mwanawe.

Niliumaliza.